Linda Mzigo Wako Kabla Haujapanda Ndege: Mambo ya Kuzingatia kwa Abiria

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Abiria anapokabidhi begi lake kwenye kaunta ya shirika la ndege, begi hilo hupita katika mikono mingi kabla ya kumrudia. Hushikwa na wahudumu wa kaunta, wakaguzi wa usalama na wapakiaji, na pale safari inapohusisha kubadilisha ndege, hushikwa pia na watumishi wa kiwanja kingine. Katika muda wote huo, kinachomuunganisha abiria na mali yake ni kipande kidogo cha karatasi chenye namba ya lebo, ambacho wengi hukitupa hata kabla ya kufika waendako.

Umuhimu wa kipande hicho ulidhihirika Machi 2023, wakati wanawake wawili raia wa Brazil walipokamatwa katika Kiwanja cha Ndege cha Frankfurt, Ujerumani. Lebo zenye majina yao zilikutwa kwenye mabegi yaliyokuwa na takriban kilo 40 za kokeini. Uchunguzi ulionesha kuwa lebo hizo zilibanduliwa kwenye mabegi yao halisi katika kiwanja cha Guarulhos, São Paulo, walikobadilisha ndege, na kubandikwa kwenye mabegi ya wahalifu. Walikaa mahabusu kwa siku 38, hadi picha za kamera za usalama kutoka Brazil zilipothibitisha kuwa hawakuhusika.

Mkasa huo unaonesha kwamba usalama wa mzigo ni zaidi ya kuepuka wizi. Abiria anapaswa kuwa na uwezo wa kuthibitisha ni mzigo upi ulio wake na ulikuwa na nini.

Kabla ya kwenda kiwanjani

Abiria anashauriwa kupiga picha ya begi lake likiwa limefungwa na likiwa wazi, kisha kuandika orodha fupi ya vilivyomo. Picha hizo ndizo zitakazosaidia iwapo begi litapotea, kuharibika au kubadilishwa. Ni vyema pia kuweka ndani ya begi karatasi yenye jina, namba ya simu na mahali anakokwenda, kwa kuwa lebo ya nje inaweza kukatika. Lebo za safari zilizopita ziondolewe zote, kwani zinaweza kusomwa kimakosa na kuupeleka mzigo kusikotakiwa.

Kwa kuwa mabegi mengi hufanana, alama ya pekee kama vile kitambaa cha rangi kwenye mpini humsaidia mwenye mali kulitambua lake, na humzuia mwingine kulichukua kwa bahati mbaya.

Fedha, vito, hati ya kusafiria, vyeti, dawa anazotumia abiria na kompyuta mpakato visiwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa. Aidha, betri za akiba za lithiamu, zikiwemo pawabenki, haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo huo kwa sababu ya hatari ya moto. Hubebwa kwenye mzigo wa mkononi kwa kuzingatia masharti ya shirika la ndege.

Kufuli husaidia kuzuia mkono mwepesi, lakini haizuii ukaguzi halali. Kwa safari za Marekani, kwa mfano, wakaguzi wanaweza kuvunja kufuli wasiyoweza kuifungua, hivyo abiria anashauriwa kutumia aina inayotambuliwa na mamlaka za huko.

Jambo lingine la kuzingatiwa ni kutokubali kusafirisha mzigo wa mtu mwingine kwa jina lako, hata kama ni ndugu au jirani, pasipo kujua kwa hakika kilichomo. Mbele ya wakaguzi, mwenye jina kwenye lebo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kwenye kaunta

Kabla ya kuondoka kwenye kaunta, abiria ahakikishe mambo matatu. La kwanza ni herufi tatu za kiwanja cha mwisho zilizoandikwa kwenye lebo, kwa mfano DAR kwa Dar es Salaam, ZNZ kwa Zanzibar, JRO kwa Kilimanjaro na MWZ kwa Mwanza. La pili ni idadi ya mabegi na uzito uliosajiliwa. La tatu ni kuuliza iwapo mzigo utakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari au utapaswa kuchukuliwa na kukabidhiwa upya njiani.

Baada ya hapo, apige picha ya lebo ikiwa imefungwa kwenye begi na ahifadhi kipande chake. Namba ya tarakimu 10 iliyopo hapo ndiyo inayotumika kuufuatilia mzigo. Tangu Juni 2018, mashirika wanachama wa Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA) yanatakiwa kufuatilia mzigo katika hatua nne: unapokabidhiwa, unapopakiwa, unapohamishwa kati ya ndege na unaporejeshwa kwa abiria.

Wakati wa kupokea

Abiria alinganishe namba ya lebo na ile ya kipande alichonacho, kisha akague zipu, kufuli na magurudumu kabla ya kutoka katika ukumbi wa mizigo. Akikuta lebo yake kwenye begi asilolitambua, au vitu asivyovijua ndani ya begi lake, asivishike wala kuondoka navyo; atoe taarifa mara moja kwa maofisa wa usalama.

Iwapo mzigo haujafika au umeharibika, aende kwenye ofisi ya mizigo iliyopo ukumbini, ajaze fomu ya taarifa na apewe nakala yenye namba ya kumbukumbu.

Haki za abiria

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umeweka muda wa kulalamika kwa maandishi: siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu kupokea mzigo uliochelewa. Kupokea mzigo bila kulalamika huchukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba umefika salama. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 tangu tarehe uliyopaswa kufika humpa abiria haki ya kudai kama uliopotea, na shauri linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 2.

Tangu Desemba 28, 2024, kikomo cha fidia ni SDR 1,519, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi kinachokaribia Dola za Marekani 2,000 kutegemea viwango vya kubadilisha fedha. Kikomo hicho ni kwa kila abiria na si kwa kila begi. Mwenye mali ya thamani zaidi anaweza kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza itakayohitajika.

Wananchi wanakumbushwa kuhifadhi kipande cha lebo, tiketi na picha za mzigo hadi watakapofika nyumbani, kufungua begi na kujiridhisha kuwa kila kitu kipo.