Mkate na Moto wa Rusumo

Mkate wa ngano si mzaliwa wa Ngara, wilaya ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Wahangaza na Washubi, wenyeji wa vilima hivi, tangu jadi chakula chao kilikuwa ndizi, maharage, mtama na ulezi, na unga ulioumuliwa haukuwa katika desturi zao. Majina yenyewe yanatueleza mkate ulikotoka, maana hamira na tanuri ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika lugha yetu kwa njia ya pwani, ambako mkate wa mofa na boflo vilizoeleka zamani, na slesi tumeipokea kwa Waingereza.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyetokea Pangani, alifika Rusumo, mpakani mwa Ngara, mahali mto Kagera unapoporomoka kwa kishindo, akavuka kuingia Rwanda. Baada yake serikali ya Kijerumani ilijenga boma katika Biharamulo jirani, na wamisionari nao wakaja. Na kwa kuwa sheria ya Kanisa Katoliki inataka hostia, mkate wa misa, iwe ya ngano tupu, popote misa iliposomwa ngano haikukosa kufika, ijapokuwa vilima vilivyolizunguka kanisa havikuwa na shamba lake.

Lakini unga peke yake si mkate. Mkate hutaka moto unaozingira pande zote. Asiye na tanuri alijifunza hila ya sufuria: huteleka sufuria kubwa juu ya jiko, akatandaza mchanga ndani yake, akaketisha humo sufuria ndogo yenye donge lililokwisha umuka, akafunika, kisha akapanga makaa mekundu juu ya kifuniko. Kazi hii hutaka subira na macho makini, kwani makaa yakizidi juu, uso huungua na moyo ukabaki mbichi.

Na kuni hazikuwa daima tele. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 tu, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Na kila familia ilipotafuta kuni za kupikia, miti ya vilima vile ikatoweka.

Wakati huo Japani ilikuwa imekwisha pata mashine ya umeme ya kuoka mkate nyumbani, isiyohitaji kuni. Miaka ya 1980 wahandisi wa kampuni ya Matsushita walishindwa kuifanya mashine yao ikande ipasavyo, hata Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu wa kampuni hiyo, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini Osaka, akaona kwamba yule fundi hakukanda tu, bali aliuvuta unga na kuusokota. Maarifa hayo ya mikono ya mwanadamu ndiyo yaliyotiwa ndani ya mashine, ikaingia sokoni mwaka 1987.

Mashine hiyo haifanyi kazi bila umeme wa kudumu, kwa maana ukikatika katikati ya kazi, mkate huweza kunywea. Ngara na Biharamulo zilitegemea kwa muda mrefu mitambo ya dizeli. Leo maporomoko yale yale ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na umeme wake hupita Nyakanazi wilayani Biharamulo.

Basi mwenye mashine na aoke mkate mtamu wa oti, nafaka ya nchi za baridi. Oti haina nguvu ya kuumuka yenyewe, hivyo sehemu kubwa iwe unga wa ngano. Oti ilowekwe kwanza katika maji ya moto, ipoe kabisa isije ikaua hamira, kisha itiwe asali. Na kwa kuwa milimani unga huumuka kwa haraka kuliko pwani, hamira ipunguzwe kidogo. Mto waliouvuka wageni na wakimbizi sasa unaoka. Na mtoto wa Ngara aamkaye alfajiri atakata slesi ya mkate ulioiva nyumbani kwao, bila kuangushwa mti hata mmoja.