Kuku wa Kienyeji Tunamlipia Zaidi, Mbwa wa Kienyeji Tunamrushia Mawe

Hapa Eastlands ukienda sokoni, kuku wa kienyeji ana bei kuliko yule wa gredi. Hakuna mtu anauliza kwa nini. Ana ladha, ana nguvu, hafi ovyo. Lakini tukifika kwa mbwa, akili inageuka. Wa kienyeji anaitwa koko, anaitwa chokora, anakula mawe kutoka Kayole hadi Kaloleni. Halafu msee yule yule aliyerusha jiwe anachanga pesa miezi minne ili anunue German Shepherd wa kufungia kwa balkoni ya gorofa ya tatu pale Umoja.

Sina shida na mtu kupenda German Shepherd. Hata mimi nawapenda. Shida yangu ni kwamba tunanunua jina bila kujua jina lenyewe lilitoka wapi, na kutojua huko kunaua watoto wa mbwa, kunakula pesa zetu, na siku nyingine kunaweza kuua binadamu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Si daktari wa mifugo na si profesa. Lakini hii historia iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma, basi wacha tuisome pamoja.

Usafi ulianza na kitabu

Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka. Lakini hii habari ya "mbegu safi" haijafikisha hata miaka mia mbili. Mwaka 1873 mabwana wa Uingereza walianzisha The Kennel Club pale London, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao cha kwanza cha kuandikisha mbwa. Wazo lilikuwa rahisi. Baba yako na mama yako wakiwa kitabuni, wewe ni safi. Ukiwa nje ya kitabu, wewe ni koko, hata uwe na akili kiasi gani.

German Shepherd alipatikana kwa njia hiyo hiyo. Aprili 1899, afisa wa jeshi la Ujerumani aitwaye Max von Stephanitz alienda kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, akamwona mbwa wa kuchunga kondoo, jina lake Hektor Linksrhein. Akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akaanzisha chama, na Horand akaandikwa namba moja kitabuni. Hebu fikiria hiyo. Wiki chache nyuma alikuwa mbwa wa kienyeji wa Ujerumani, mbwa wa wachungaji. Damu yake haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni karatasi. Baada ya hapo uzao wake ukarudishwa ndani ya ukoo ule ule mara nyingi, ndiyo watoto watoke wakifanana naye.

Hata jina limezunguka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza hawakutaka kusikia neno "German", kwa hivyo mwaka 1919 wakamwandikisha kama Alsatian. Jina German Shepherd lilirudi rasmi kwao mwaka 1977. Ndiyo maana mzee wa Buruburu bado atakuambia Alsatian, na kijana wake aseme German. Wote wanaongea juu ya mbwa mmoja.

Venye alifika upande wetu

Nairobi ya ukoloni iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua kule Muthaiga na Kilimani, Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara, Mwafrika akasukumwa mashariki: Pumwani kuanzia miaka ya 1920, baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati. Nyumba nyingi za huku zilijengwa ziwe mahali pa kulaza mfanyakazi, si pa kulea familia, sembuse mbwa mkubwa.

Mbwa wa kitabu aliishi ule upande mwingine, nyuma ya ua, na getini kibao: MBWA KALI. Kimeandikwa Kiswahili. Jiulize kiliandikiwa nani. Si jirani mzungu. Ni yule aliyetoka mashariki asubuhi kwenda kupika, kufua na kukata nyasi.

Na haikuishia kwa kibao. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilitumia mbwa wa kufuata nyayo kuwasaka Mau Mau msituni. Halafu kuna kesi ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Oktoba 1959, hapa hapa Nairobi, mfanyakazi wa nyumbani aitwaye Kamawe Musunge alirushia mawe mbwa wa mzungu aitwaye Peter Poole. Poole akatoka, akampiga risasi, akamuua. Safari hii mahakama haikumwachilia. Poole alinyongwa tarehe 18 Agosti 1960, mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Mtu alipoteza maisha kwa sababu ya jiwe alilomrushia mbwa. Kwa hivyo nikisikia watu wakisema ati Mwafrika hapendi mbwa kwa sababu ni mjinga, huwa nanyamaza kidogo. Babu zetu wengi walikutana na mbwa mkubwa akiwa upande wa geti ambao si wao. Wakamwogopa. Na kitu unachokiogopa namna hiyo, siku ukipata pesa na geti lako mwenyewe, unakitaka. Mitaa kama Buruburu ilipojengwa miaka ya 1970, yenye nyua na mageti, kile kibao kikahamia kwetu. Hiyo ni tafsiri yangu, unaweza kuikataa. Lakini usiniambie tulichagua German Shepherd kwa sababu ya afya yake.

Mbwa shenzi aliyeokoa mbwa safi

Sasa hapa ndipo nataka uwe makini.

Kuna mbwa mmoja mdogo wa Kongo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki kama wengine. Ukimwona unaweza kudhani ametoka nyuma ya kibanda cha mtura pale Dandora. Wazungu walimpeleka Uingereza. Wa kwanza walionyeshwa London mwaka 1895 na wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa pale Crufts, na safari hiyo wakashika. Wakaandikwa kitabuni kwa jina Basenji. Sikiliza hilo jina vizuri. Ni ndugu wa neno letu "washenzi". Yaani mbwa shenzi alipewa karatasi, na jina la dharau likageuka kuwa jina la bei.

Lakini waliosafirishwa walikuwa wachache sana, na kitabu kilikuwa kimefungwa. Wakazaana wenyewe kwa wenyewe. Ugonjwa wa kuishiwa damu ukajitokeza. Wafugaji wakawaondoa wenye ugonjwa, na kwa kufanya hivyo wakapunguza tena idadi ya koo. Kisha likaja la pili, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: mbwa anakunywa maji sana, anakojoa sana, na vitu mwili unavyohitaji vinatoka na mkojo.

Dawa ilikuwa wapi? Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Jon Curby na Michael Work, walifunga safari hadi Zaire, Kongo ya leo, wakaenda vijijini kutafuta mbwa wasio na karatasi yoyote. Mwaka 1990 kitabu cha Marekani kikafunguliwa na mbwa 14 kutoka Afrika wakaandikwa. Mabwana wa usafi walirudi kijijini kuomba damu kwa koko.

Na sayansi iliunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba Basenji kweli ni jamaa ya mbwa wa Afrika. Lakini Rhodesian Ridgeback, ambaye kila mtu humsifu kama mbwa wa Afrika, alionekana sehemu kubwa ya damu yake haikutoka hapa. Wale unaowaona wakilala chini ya gari bovu huku mtaani wanaweza kuwa wamebeba urithi ambao mbwa wengi wa maonyesho hawana.

Tulete hii hesabu mtaani

Kitabu kikifungwa, ugonjwa hufungiwa ndani. Hilo ndilo somo la Basenji, na linatuhusu. Mtaani kwetu mbwa mmoja dume mwenye sifa anaweza kupandishwa kwa majike wote wa karibu. Mwaka unaofuata anapandishwa kwa binti zake, kwa sababu mwenye binti hakujua au hakujali. Watoto wa baba na binti, au wa ndugu wawili wa tumbo moja, wana nafasi ya asilimia 25 ya kurithi nakala mbili zinazofanana za jeni yoyote ile. Kama ile jeni ni mbovu, hakuna nzuri ya kuisaidia. Kwa German Shepherd hii ni hatari zaidi, maana tayari jamii yake ina tatizo linalojulikana la nyonga, na mtoto wa mbwa akinenepeshwa haraka ili aonekane mkubwa, linazidi.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, fanya hivi.

Taka kumwona mama, si picha yake kwa simu. Mwangalie akitembea na uone kama ni mwoga au mkali bila sababu. Uliza baba ni nani na babu ni nani. Jina likijirudia, ondoka. Ukionyeshwa karatasi za East Africa Kennel Club, vizuri, zisome. Lakini karatasi inakuambia wazazi ni akina nani, haikuambii kama ni wazima. Kwa nyonga, uliza kama wazazi walipigwa eksirei.

Usichukue mtoto ambaye hajafikisha wiki nane, hata ukiambiwa anakula ugali. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili, inarudiwa kila baada ya wiki mbili. Chanjo ya parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Watu hudunga moja tu, wanamtoa mtoto nje, parvo inamchukua, halafu wanasema amerogwa.

Kama unataka kuzalisha, subiri jike akaribie miaka miwili na daktari amkague kwanza. Mimba ni kama siku 63, na baada ya hapo mwili wake unahitaji kupumzika. Jike akipandishwa kila anapopata joto, huo ni unyonyaji, na watoto wake huonyesha.

Chakula si lazima kiwe cha gunia la bei. Matumbo ya Kiamaiko au Burma yaliyochemshwa, omena, wali au ugali kidogo, mbwa ataishi. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande na kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti pia hapana. Kupe watoe kila siku, maana wanaleta magonjwa ya damu. Na kama unaishi chumba kimoja Pipeline na unatoka saa kumi na moja asubuhi kurudi usiku, German Shepherd si wako kwa sasa. Ni mbwa wa kazi, alitengenezwa kutembea na kondoo siku nzima. Ukimfungia ataharibika akili, na atakayeng'atwa ni mtoto wa jirani.

Kitu kimoja hakijali karatasi

Kichaa cha mbwa kiligunduliwa rasmi Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Zaidi ya miaka mia baadaye bado kinaua watu, na karibu wote duniani hukipata kwa kung'atwa na mbwa. Serikali iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo kufikia 2030. Ili ugonjwa ukatike, asilimia 70 ya mbwa wa eneo lazima wachanjwe, na virusi haviulizi kama umeandikwa London au umezaliwa nyuma ya kibanda.

Maana yake ni kwamba German wako mwenye chanjo zote, akizungukwa na koko kumi wasiochanjwa, hajalinda mtaa wako. Chanjo ya kichaa hudungwa mbwa akifikisha miezi mitatu, na inarudiwa kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa kuna chanjo za bure sehemu nyingi. Peleka wako, na umpeleke pia yule asiye na mwenyewe anayelala kwa geti la ploti yenu. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, kwa sababu zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Nunua mbwa unayempenda, pesa ni zako. Lakini wakati mwingine ukikutana na koko, weka jiwe chini. Na mtu akikuonyesha mbwa wake mpya, usianze kuuliza ni aina gani. Uliza amechanjwa lini.