Siku ya Tatu Mpe Jembe: Historia Fupi ya Safari za Injili kati ya Uganda na Kwetu



Kitabu hiki kina ratiba ya siku, nyimbo, na shukrani kwa wote waliotushika mkono kwa miaka hii 25. Kamati ya Yubilei ilituomba sisi wanakwaya tuongeze kurasa chache za historia. Tumechagua historia ya barabara moja, ile itokayo hapa kwenda Uganda, kwa sababu ya swali ambalo waumini wengi wametuuliza tangu itangazwe kwamba sehemu ya sadaka ya leo itawasaidia vijana wetu kuvuka tena mpaka kwenda Busoga kwa misheni ya siku saba.

Swali lenyewe ni la haki. Kwa nini nauli iende Uganda, na hapa Bukura kuna wajane ambao hawajatembelewa tangu Pasaka? Na siku saba zitafanya nini?

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliposoma historia ya kanisa la upande wetu tuliona kwamba methali hiyo inaieleza vizuri kuliko hotuba ndefu.

ASKOFU ALIYEPITA MUMIAS

Mwezi wa Oktoba 1885, Askofu James Hannington alifika mahali tunapopaita leo Mumias. Wakati ule wasafiri walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Nabongo Mumia. Alikuwa na umri wa miaka 38, na alikuwa ametoka Rabai, karibu na Mombasa, mwezi wa Julai, akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi. Njia aliyoifuata, kupitia nchi ya Wamaasai, ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani ya kusini mwa ziwa.

Kwa Sundu aliwaacha watu wake wengi pamoja na Kasisi William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa kabla ya kukombolewa, ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amempa ushemasi mwaka huohuo. Askofu akaendelea na watu 50 tu, akitaka kufika Buganda upesi.

Hakufika. Huko Buganda watu waliamini kwamba adui atakayeiteka nchi atatokea mashariki, upande wa Busoga. Wamishonari waliokuwa katika mji wa Kabaka, akiwamo Alexander Mackay, waliijua hofu hiyo na waliandika barua za kumwonya, lakini barua hazikumkuta njiani. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wapagazi wengi aliokwenda nao. Wachache walioponea walirudi Kwa Sundu kumpa Jones habari. Ni Jones aliyewaongoza waliobaki kurudi pwani, mwendo wa miezi, mbele yao ikiwa bendera iliyoandikwa neno moja kutoka kitabu cha Samweli: Ikabodi, utukufu umeondoka.

Mifupa ya askofu ililetwa Mumias, ikalala katika ardhi ya kwetu hadi mwaka 1892, Askofu Alfred Tucker alipoichukua. Ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba mwaka huo. Jina la Hannington limebaki katika vitabu. Majina ya wapagazi waliokufa siku hiyo hiyo hatuyasikii yakisomwa kanisani, nao pia walikuwa na mama zao.

Tunaandika haya kwa heshima. Ushujaa wa mtu yule hauna shaka. Lakini aliingia kwa mlango ambao mwenye nyumba aliuogopa, na hakuna mwenyeji aliyekuwa amemwita.

WALIOKUJA WAKAKAA

Vijana wetu wengi hawajui kwamba hadi mwaka 1902 nchi yetu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mpaka wa serikali ulihamishwa mwaka huo, lakini kanisa halikuhama pamoja nao: Waanglikana wa upande huu waliendelea kuwa chini ya Dayosisi ya Uganda hadi 1921. J. J. Willis, aliyeanzisha misheni ya Maseno mwaka 1906, alikuwa mtu wa Uganda, na mwaka 1912 akawa askofu wa huko. Mwaka huohuo wa 1912 Kasisi Walter Chadwick alifungua misheni ya Butere.

Dadake, Jane Chadwick, alikuja Butere mwaka 1916 akaanzisha shule ya wasichana. Leo ukisikia Butere Girls, mwanzo wake ni huo. Mama huyu hakuja akiwa mgeni wa Afrika. Alikuwa mmoja wa wanawake watano wa kwanza wa CMS waliofika Buganda mwaka 1895, walipotembea kwa miguu kutoka pwani, kabla reli haijafika ziwani. Alipofika kwetu alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kazi nyuma yake. Alijua kwamba kazi huanza kwa kusoma. Huko Uganda Mkristo aliitwa msomaji, na jina hilo likavuka mpaka. Babu zetu nao waliitwa abasomi.

Hao ndio wageni waliopewa jembe. Wengi wao hata hawakuwa wazungu. Injili ya Uganda ilienezwa hasa na walimu Waafrika waliokwenda kwa makabila ya jirani na kujifunza lugha upya kama watoto.

Mmoja wao ni Apolo Kivebulaya, Muganda. Mwaka 1896 alivuka kutoka Toro kwenda Mboga, mahali ambapo baadaye mpaka ulipangwa upya pakawa Congo. Alipigwa, kanisa lake la nyasi likachomwa, akafungwa. Alipofunguliwa alirudi palepale. Baadaye, akiwa tayari mzee, aliingia msituni kwa Wambuti. Alifariki mwaka 1933, baada ya kuagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ingawa desturi ilitaka kielekee nyumbani. Kanisa la Anglikana la Congo linamtaja hadi leo kuwa baba yake.

WALIOKUJA KWA SIKU CHACHE

Hapo msomaji atasema: basi mmejijibu wenyewe. Aliyekaa amezaa matunda, aliyepita hakuzaa. Ya nini safari ya siku saba?

Ngoja kwanza tufike kwenye uamsho. Moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, kati ya Waafrika na wazungu waliotubu pamoja, kila mmoja mbele ya mwenzake. Kutoka huko zilianza kutoka timu. Watu wachache, weusi kwa weupe, walisafiri kwenda mahali walipoalikwa, wakahubiri siku chache, wakashuhudia yaliyowapata, wakarudi kazini kwao. Mwaka 1937 timu moja ilifika Kabete, karibu na Nairobi. Kabla ya mwaka 1940 uamsho ulikuwa umeingia Nyanza.

Timu zile hazikujenga shule wala zahanati. Ziliacha vitu viwili tu. Cha kwanza ni ushirika: watu wa mahali hapo waliendelea kukutana kila juma bila kungoja mgeni arudi. Cha pili ni wimbo. Tukutendereza Yesu ulianza kama wimbo wa Kiingereza, ukapata maneno ya Kiganda, na kwa maneno hayo ukaenea Afrika Mashariki yote. Bibi wa Bukura asiyejua sentensi moja ya Kiganda anauimba mazishini bila kitabu.

Ukweli ni kwamba moto wa mgeni unaweza pia kuchoma nyumba ya mwenyeji. Ndugu wa uamsho waligawanyika, na wengine wakawaona wenzao kuwa hawajaokoka. Mabishano hayo ni moja ya sababu zilizofanya kundi la Johera, chini ya Kasisi Matthew Ajuoga, kutoka na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika mwaka 1957. Jeraha hilo liliumiza familia nyingi za Nyanza.

Lakini ona pia tarehe 15 Mei 1955. Siku hiyo, katika kanisa kuu la Namirembe, palepale ilipozikwa mifupa iliyotoka Mumias, Waafrika wanne waliwekwa wakfu kuwa maaskofu: Obadiah Kariuki na Festo Olang' wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika, na Daniel Deng Atong wa Sudan. Olang' alikuwa mtoto wa upande wetu, wa karibu na Maseno. Mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya. Miaka 70 baada ya Hannington, barabara ileile ilimpeleka mwana wa kwetu Uganda, naye akarudi na fimbo ya uchungaji.

SISI BUSOGA

Safari yetu wenyewe ilikuwa ndogo. Siku hizi Mkenya huvuka Busia kwa kitambulisho, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018 foleni si kama zamani. Kazi kubwa ilikuwa nyumbani, kufanya harambee mpaka gari likapatikana.

Tulikwenda na kinanda na spika mbili. Kanisa la wenyeji wetu halikuwa na umeme, kwa hiyo vyombo vilibaki garini juma zima na tukaimba kwa ngoma. Besi, ambao hapa hujificha nyuma ya kinanda, walilazimika kuimba kweli. Kiswahili chetu kiliwafikia wachache. Lugha iliyotusaidia ni ya mama zetu: omwana wetu ni omwana wao, omukhasi wetu ni omukazi wao, na tuliposalimu mulembe walicheka, maana kwao mirembe ni amani.

Siku mbili za kwanza tulikuwa wageni. Tulichinjiwa kuku, tukalazwa vitandani, wenyeji wakalala chini. Siku ya tatu akina mama walikwenda shambani kupalilia maharagwe, na mama mmoja wa kwaya yetu akaomba jembe. Wengine tukafuata. Sisi watu wa Bukura, tuliokulia jirani na chuo cha kilimo, hatungeaibika kwa jembe. Huko shambani, si kanisani, ndiko tulikofundishwa wimbo wa Kisoga mtakaousikia leo baada ya somo la pili. Na huko ndiko tulikosikia yaliyo moyoni mwao: msomaji wa kanisa mmoja anayehudumia makanisa kadhaa kwa baiskeli, vijana waliokwenda Kampala wasirudi, na wageni waliowahi kufika, wakapiga picha, wakaahidi, wasionekane tena.

Mzee mmoja wa kanisa alituambia jambo ambalo hatujalisahau. Alisema hawahitaji tuwaletee Yesu, kwa maana yeye yuko huko tangu zamani. Walihitaji mtu wa kuwatembelea, wajue kwamba hawakusahauliwa. Mwaka uliofuata walikuja wao kwetu, wakalala nyumbani mwenu, na ninyi mkawachinjia. Leo wako nasi tena, katika viti vya mbele upande wa kushoto. Wasalimieni kwa neno mulembe.

TUNACHOWAOMBA

Basi jibu letu ni hili. Siku saba haziwezi kufanya kazi ya miaka 20 ya Jane Chadwick, na wala tusijidanganye kwamba zinaweza. Siku saba ni za kutembeleana. Zinafaa pale ambapo mwenyeji amekualika, yupo atakayeendelea ukiondoka, na mlango wako nawe uko wazi kwake.

Kwa hiyo vijana wamekubaliana na kwaya mambo haya. Hawatavuka bila barua ya mwaliko. Watabeba unga na mchele wao, ili mwenyeji asimalize banda la kuku. Hawataahidi kitu ambacho kanisa hili halijaamua. Na kuhusu wajane wa Bukura: kabla gari halijaondoka, kila kijana anayesafiri atakuwa ametembelea nyumba tatu za hapa, na kazi ya siku hiyo itakuwa ya mikono, iwe kuchota maji, kupasua kuni au kupalilia. Asiyeweza kushika jembe kwa jirani yake hana haja ya kulivusha Busia.

Toeni sadaka mkijua inakokwenda. Wakirudi, wataketi mbele yenu Jumapili ya kwanza na kutoa hesabu ya pesa na ya safari. Waulizeni wameleta wimbo gani.

Mungu aibariki kwaya hii, awabariki wageni wetu, na awabariki ninyi mliotusikiliza kwa miaka 25, hata siku zile teno walipopotea njia katikati ya wimbo.