Damu Iliyozaa Chanjo

Novemba 1978, jijini New York, wanaume mashoga walianza kukunja mikono ya mashati yao ili wadungwe sindano ambayo wao hawakujua kama ina chanjo au haina. Hata aliyewadunga hakujua. Walikuwa 1,083, wote wa kujitolea. Walichokuwa wakikitafutia kinga ni homa ya ini aina ya B, ugonjwa unaoambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana, ambao ukikaa mwilini kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya ini.

Jaribio hilo lilisimamiwa na Wolf Szmuness wa Kituo cha Damu cha New York. Alikuwa Myahudi wa Poland aliyepoteza ndugu zake katika vita vya Hitler, akapelekwa uhamishoni Siberia na Wasovieti, na kuingia Marekani mwaka 1969 akiwa mtu mzima wa miaka hamsini. Alihitaji watu ambao ugonjwa ulikuwa ukiwaandama sana, ili tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa ionekane mapema. Mashoga wa jiji hilo walikuwa wakiugua homa hiyo kuliko watu wengi wengine.

Ujasiri wao haupimiki kwa sindano peke yake. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa kimeacha kuuita ushoga ugonjwa mwaka 1973 tu, na sheria ya jimbo la New York iliyofanya mapenzi ya wanaume kuwa kosa la jinai ilibatilishwa na mahakama Desemba 1980, jaribio likiwa limekwisha kutoa majibu. Watu hao waliwaeleza wageni siri ambayo kisheria ingeweza kuwafikisha kizimbani.

Chanjo yenyewe ilitoka kwenye damu. Baruch Blumberg alikuwa ameigundua protini ya kirusi cha homa hiyo katika miaka ya 1960, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, lakini kirusi kilikataa kuoteshwa maabara. Maurice Hilleman wa kampuni ya Merck akaifuata protini hiyo ilikokuwa: katika plazima, yale maji ya manjano ya damu, ya watu wenye maambukizi ya kudumu. Wengi wa waliotoa plazima hiyo walikuwa pia mashoga. Hilleman aliisafisha kwa pepsini, urea na fomalini, hatua tatu ambazo baadaye zilikuja kuwa na maana kubwa kuliko ilivyotarajiwa.

Majibu yalichapishwa Oktoba 1980: maambukizi yalipungua kwa asilimia 92.3. Novemba 1981 serikali iliidhinisha chanjo, dozi tatu kwa takriban dola 100.

Lakini miezi mitano kabla ya idhini hiyo, madaktari wa Los Angeles walikuwa wametoa taarifa ya vijana watano, wote mashoga, waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Ilikuwa taarifa ya kwanza ya Ukimwi. Nani angekubali tena chanjo iliyotokana na damu ya mashoga? Wauguzi waliikwepa, madaktari waliikwepa, na mashoga wenyewe walisita. Uchunguzi ulionyesha kwamba hatua zile tatu za Hilleman ziliua pia kirusi cha Ukimwi. Hata hivyo hofu haikuondoka. Mwaka 1986 ikaja chanjo mpya inayotengenezwa kwa hamira, bila tone la damu ya mtu. Chanjo ya homa ya ini wanayopata watoto wachanga wa Tanzania na Kenya leo ndani ya pentavalenti, chanjo moja ya kukinga magonjwa matano, ni ya ukoo huo.

Na wale ambao chanjo ilithibitishwa kwa miili yao? Mashoga walikuwamo katika orodha ya wanaopaswa kuchanjwa tangu 1982. Kati ya 1994 na 1998 watafiti waliwapima vijana wa kiume wanaolala na wanaume katika miji saba ya Marekani, na waliokuwa wamechanjwa walikuwa asilimia 9 tu. Wengi wa wasiochanjwa walikuwa na mahali pa kawaida pa kutibiwa. Walipita mbele ya daktari na kuondoka bila kinga. Ni aibu ya mfumo wa afya, si ya vijana hao.

Damu iliyohifadhiwa tangu siku za Szmuness, ambaye alifariki 1982, iliendelea kusema. Mwaka 1986 ilibainika kwamba asilimia 6.6 ya sampuli za 1978 na 1979 zilizopimwa zilikuwa tayari na maambukizi ya Ukimwi. Mwaka 2016 sampuli kama hizo zilisaidia kuonyesha kwamba kirusi kilifika New York mnamo 1970, na kumsafisha Gaétan Dugas, mhudumu wa ndege kutoka Kanada aliyesingiziwa kwa miongo mitatu kuwa ndiye aliyekileta.

Uingereza imejaribu njia nyingine ya kuwafikishia kinga wanaume kama hao. Aprili 2018 kliniki za afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa nchini humo zilianza kuwachanja dhidi ya kirusi cha HPV mashoga na wanaume wanaopenda jinsia zote mbili, hadi umri wa miaka 45, bila malipo. Agosti 2025 ikaongezwa chanjo ya kisonono, ya kwanza duniani kutolewa kwa mpango wa taifa. Anayeifuata hupewa nafasi, katika ziara hiyohiyo, ya kuchanjwa pia dhidi ya mpox, HPV na homa ya ini aina ya A na B.