Mizani 17 Nje ya Japani: Haiku kama Utunzi wa Kujifurahisha na Funzo Lake kwa Ushairi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi huandikwa kwa kawaida kwa kufuata watunzi wakubwa na tungo zao kuu. Utunzi wa kujifurahisha, ule unaofanywa safarini, baada ya kazi au baina ya marafiki, huachwa pembeni kana kwamba hauna athari. Makala hii inachunguza utanzu mmoja unaotulazimu kuutazama upya msimamo huo: haiku, shairi fupi la Kijapani lenye sehemu tatu za mizani 5, 7 na 5. Hoja yetu ni kwamba haiku ilienea katika lugha nyingine kwa kiasi kikubwa kupitia watu walioitunga kwa ajili ya burudani, na kwamba kila lugha iliyoipokea ililazimika kuamua upya ni kitu gani hasa kinachohesabiwa. Kwa swali hilo la pili, Kiswahili kina nafasi ya pekee.

2.0 Mzaha kama Chimbuko

Haiku imetokana na haikai, neno la Kijapani linalobeba maana ya mzaha na uchekeshaji. Katika haikai, watunzi kadhaa walikaa pamoja na kupokezana beti, kila mmoja akiunganisha ubeti wake na wa mwenzake. Ubeti wa ufunguzi uliitwa hokku. Matsuo Bashō (1644–1694) aliupa utunzi huo uzito wa kifikra bila kuufuta wepesi wake. Mwishoni mwa karne ya 19, Masaoka Shiki (1867–1902) aliitenga hokku na mnyororo wa beti, akaipa hadhi ya shairi kamili na kulieneza jina haiku. Kwa hiyo, wageni walioitunga haiku kwa kujifurahisha walikuwa wakirejea kwenye chimbuko lake, hata pale ambapo hawakulijua.

3.0 Safari ya Kuingia Lugha Nyingine

Mfano wa Ufaransa unaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1903 Paul-Louis Couchoud alisafiri kwa mashua katika mifereji ya Ufaransa pamoja na rafiki zake wawili, mchongaji na mchoraji. Njiani walitunga mashairi mafupi ya Kifaransa kwa kuiga umbo la Kijapani. Mwaka 1905 waliyachapisha katika kijitabu Au fil de l'eau, nakala 30 tu, bila majina ya watunzi. Kilikuwa kitu cha kugawiana marafiki.

Hata hivyo, mchezo huo uliandaa chombo ambacho wengine walikihitaji kwa shughuli nzito. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Julien Vocance alichapisha Cent visions de guerre, mfululizo wa haiku kuhusu maisha ya mahandaki. Ufupi uliokuwa burudani mferejini ulifaa pia kueleza hali ambayo mtu huiona vipande vipande tu. Mwaka 1919 José Juan Tablada wa Meksiko alichapisha Un día..., akilitia umbo hilo katika Kihispania.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kiingereza kilipokea haiku kupitia tafsiri na maelezo ya R. H. Blyth na Harold G. Henderson, na mwaka 1968 chama cha Haiku Society of America kikaundwa. Miongoni mwa watunzi wa kipindi hicho yumo mwandishi Mmarekani Mweusi Richard Wright, aliyetunga haiku takriban 4,000 akiwa mgonjwa nchini Ufaransa kabla ya kufariki mwaka 1960. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961 akiwa katika juhudi za kusuluhisha mgogoro wa Kongo, alikuwa ametunga mfululizo wa haiku kwa Kiswidi mwaka 1959. Hakuna aliyewaagiza wawili hawa kutunga.

4.0 Tatizo la Hesabu

Kijapani hakihesabu silabi kama zinavyoeleweka katika Kiingereza. Huhesabu vipande vifupi vya sauti viitwavyo on. Irabu ndefu ni on mbili, na nazali inayofunga silabi huhesabiwa peke yake. Neno haiku lenyewe lina on tatu, ilhali Mwingereza husikia silabi mbili. Aidha, silabi 17 za Kiingereza hubeba maneno mengi kuliko on 17 za Kijapani. Ndiyo maana watunzi wengi wa Kiingereza waliiacha hesabu hiyo na kutunga mashairi mafupi zaidi.

Hali ya Kiswahili ni tofauti. Ha-i-ku ni mizani tatu, sawa na kwa Mjapani. Nazali ya mwanzo katika mto au nchi ina mizani yake, na irabu mbili katika kaa ni mizani mbili. Tutazame mfano tulioutunga kwa ajili ya uchambuzi huu:

Mto mkavu:
mtumbwi umelala,
kaa apita.

Kwa kanuni za mizani za Kiswahili, tunapata 5, 7 na 5. Asiyehesabu nazali peke yake, na anayeisikia kaa kama silabi moja, angepata 13 tu. Kanuni ambayo lugha nyingine zilishindwa kuihamisha inapatikana kwetu, kwa sehemu kubwa, ndani ya mapokeo yetu wenyewe.

5.0 Nafasi Yake katika Mjadala Wetu

Tangu K. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 hadi Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 na baada yake, mjadala wetu umeelekea kuuweka ushairi katika kambi mbili: wenye vina na mizani, na usio na vyote viwili. Haiku haikai katika kambi yoyote. Ina mizani kali lakini haidai vina.

Ipo hofu ya haki kwamba utanzu wa kigeni utazisukuma kando tenzi na mashairi. Jibu letu ni kwamba haiku haiwezi kufundisha vina, vipande wala kibwagizo. Inachoweza kufundisha ni sikio la mizani. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuiga mandhari. Haiku ya mapokeo hutaja majira kwa neno maalumu. Mtunzi wa Lamu au Kigoma hana haja ya theluji. Anavyo vuli, masika, kipupwe, kusi na kaskazi.

6.0 Hitimisho

Mwanafunzi anayeanza na ubeti wa mishororo minne, mizani 16 kila mshororo na vina viwili, hukabiliwa na masharti mengi kwa pamoja. Tunapendekeza waandaaji wa mitaala waruhusu utunzi wa mizani 17 kama zoezi la awali, lisilotolewa alama, kabla ya kuingia katika bahari zetu. Sharti hilo la kutotoa alama lina msingi katika historia tuliyoieleza: Couchoud na wenzake walichapa nakala 30 bila kutarajia sifa, na miaka 11 baadaye umbo hilo likabeba habari za vita. Tukiugeuza mchezo huu kuwa mtihani tangu siku ya kwanza, tutakuwa tumeondoa kile kilichouwezesha kuvuka mipaka ya lugha.