Unyumbufu wa fikra kwa watoto

Unyumbufu wa fikra kwa watoto ni uwezo wa mtoto kuacha njia aliyoizoea na kujaribu nyingine pale ya kwanza inaposhindikana au masharti yanapobadilika. Hukua kwa kasi kati ya miaka 3 na 5, na mtoto huutumia zaidi anapocheza.

Ukuaji huo ulionekana wazi katika jaribio la kadi lililochapishwa mwaka 1996 na Philip Zelazo na wenzake. Mtoto huambiwa apange kadi kwa rangi, kisha azipange upya kwa umbo. Wengi wa miaka 3 huendelea na rangi, ingawa wakiulizwa wanaweza kuitaja kanuni mpya bila kukosea. Kwa hiyo kosa lao si ukaidi, jambo ambalo watu wazima hulisahau upesi.

Lakini umri hauongezi unyumbufu wa kila aina. Mwaka 2000 Tim German na Margaret Anne Defeyter walieleza kwamba watoto wa miaka 6 na 7, wakishaona sanduku likitumika kuwekea vitu, huchelewa kutambua kuwa linaweza pia kukanyagwa ili kufikia rafu. Wale wa miaka 5 hawakukwama hivyo.

Namna mtu mzima anavyoingilia mchezo ina uzito. Katika utafiti wa Elizabeth Bonawitz na wenzake (2011), watoto waliofundishwa kazi moja ya kifaa cha kuchezea walikichunguza kwa muda mfupi na kugundua kazi nyingine chache kuliko watoto ambao hawakufundishwa.

Afrika Mashariki nafasi za namna hii ni nyingi. Katika kujipikilisha (Kenya: kalongolongo) mchanga huwa unga na kifuniko cha chupa huwa sahani. Gari la makopo likivunjika gurudumu, mtoto hutafuta kandambili kuukuu akate jingine, mzazi anayemwachia muda, au kumuuliza tu "Kuna kingine kinachoweza kufaa?", humsaidia kuliko anayelitengeneza mwenyewe. Michezo ya kugeuza amri, ambapo kiongozi akisema "simama" watoto hukaa, hufanana sana na jaribio la kadi.

Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Angeline Lillard na wenzake mwaka 2013 yaliona kwamba ushahidi hautoshi kusema mchezo wa kuigiza pekee ndio unaosababisha ukuaji huo.