Simu Kifuani

Bibi yangu, mtu wa Tanga, hela alifungia kwenye pindo la kanga. Mama alipopata simu, 2003, aliisokomeza kwenye sidiria. Ikipata moto anaichomoa, huku akilitaja neno mionzi kama jina la jini.

Mei 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, iliiweka mionzi ya simu kundi 2B: huenda inasababisha saratani, ushahidi ni haba. Baadaye kundi hilohilo likapokea dondoo la jani zima la mshubiri. Shubiri ileile aliyojipaka Mama kutuachisha ziwa! Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei; kinachojulikana ni kupasha mwili joto kidogo.

Hata hivyo, Mama akaihamishia simu pindoni. Kesho yake ikatumbukia chooni.